Osiako Mwenye Matairi

Erastus alistaafu kazi ya ukarani mwezi wa Juni, na ilipofika Agosti alikuwa amemaliza kila kazi ambayo mtu anaweza kujitafutia nyumbani Iguhu. Alikuwa ameziba ua pale palipotoboka na pale ambapo hapakutoboka. Alikuwa amepanga kuni kwa unene, akazipangua, akazipanga tena kwa urefu. Ng'ombe alimpa jina, baada ya wiki akambadilishia, na ng'ombe hakuitika kwa majina yote mawili.

Mkewe, Awinja, bado alikuwa na kazi yake. Alishona sare za shule katika kiduka kidogo nyuma ya soko la Kakamega. Sketi aliyoishona Awinja ilivaliwa na dada mkubwa, ikavaliwa na wa pili, na yule wa mwisho akaivaa huku akiichukia, maana alijua haitachanika kamwe. Kila asubuhi Awinja alishika njia ya mjini, na kila jioni alirudi na vipande vya uzi kwenye nywele na tabasamu ambalo Erastus hakujua limetoka wapi.

Asiye na kazi huota masikio. Ndivyo Erastus alivyoanza kusikia habari za Osiako.

Mara ya kwanza walikuwa mezani, wanakula obusuma, ugali wa kwao, na kunde. Awinja akacheka peke yake.

"Unacheka nini, Mama Mitchel?" Mitchel alikuwa binti yao wa kwanza, aliyeolewa Lumakanda.

"Si Osiako," Awinja akasema, akimega tonge. "Leo amenifurahisha sana."

Erastus alimeza lake bila kulitafuna. "Osiako gani?"

"Wewe huwezi kumjua. Ni mambo ya kule dukani."

Erastus akaendelea kula. Alikuwa amefanya kazi ya kutunza faili miaka thelathini na moja, na alijua kwamba faili haifunguliwi kwa karatasi moja. Karatasi ya pili ilikuja siku ya tatu yake, jioni, akitoka kukamua. Awinja alikuwa jikoni akiongea kwa simu na dada yake Roda.

"Roda, laiti ungeona! Kitu chote kile, urefu kama kutoka hapa mpaka hospitalini, Osiako amekiegemea tu na kifua. Pole pole, mpaka kikaingia chenyewe. Wala hakupumzika! Akarudi kuchukua kingine... Eh, Cheptoo naye alikuwa hapo mbele, mbio mbio kama kawaida yake... Hapana, Erastus hajui. Nikimwambia Erastus atanisumbua."

Ndoo ya maziwa ikamponyoka Erastus, na paka wa jirani akala sikukuu isiyokuwa kwenye kalenda.

Usiku huo hakulala vizuri. Kulipokucha alivaa koti lake la mazishi, akamwacha Awinja atangulie, naye akafuata nyuma kwa gari lililofuata. Katika Kakamega nzima alimjua Osiako mmoja tu: muuza nyama mwenye bucha karibu na soko, mtu mnene mwenye kifua kama pipa na shingo ya mikunjo mitatu, aliyefiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita. Ushahidi ulikuwa umekamilika. Erastus alimkuta akikata mbavu.

"Osiako," alisema, "mimi na wewe ni watu wazima."

"Ni kweli. Nikukatie wapi?"

"Sijaja kununua nyama. Nimekuja kwa habari ya mke wangu."

"Mama Mitchel? Yeye huchukuanga maini. Maini yameisha."

"Achana na maini!" Wateja wawili waliokuwa wakingoja waligeuka. Erastus akashusha sauti, lakini koti lilikuwa limeshampandisha joto. "Nimemsikia akikusifu. Amesema una nguvu."

Osiako akaweka kisu chini. "Amesema hivyo?"

"Kwa masikio yangu haya."

"Mama Mitchel amesema mimi nina nguvu." Osiako akawatazama wale wateja ili kuhakikisha kwamba nao wamesikia. "Nguvu za namna gani?"

"Ati unaegemea kitu kwa kifua kinaingia chenyewe, na hupumziki."

Osiako akafikiri kwa muda mrefu. Alitamani sana kukubali, ilionekana usoni. Mwishowe akatikisa kichwa kwa huzuni. "Baba Mitchel, mimi hupumzika hata nikivaa viatu. Kiatu kimoja, napumzika, kiatu cha pili. Huyo si mimi. Lakini ningependa kumjua." Akavua aproni, akamwomba jirani amwangalizie bucha. "Twende tumuulize mwenyewe."

Basi wanaume wawili wakaingia kwenye kiduka cha Awinja, mmoja amevimba kwa hasira na mwingine kwa maumbile, wakamkuta ameketi kwenye cherehani. Mbele yake, simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Mguu wake ulikanyaga cherehani, mkono ulisukuma kitambaa, lakini macho yalikuwa kwenye simu.

"Osiako yuko wapi?" Erastus akauliza.

Awinja akamtazama mumewe, kisha akamtazama Osiako aliyesimama kando yake. "Baba Mitchel, umeshikwa na malaria?"

"Yule mwingine! Mwenye nguvu! Anayetembea na Cheptoo!"

Awinja akaacha kukanyaga. Alimwangalia mumewe, koti lake la mazishi, jasho lake, na polepole uso wake ukabadilika. Akacheka hadi akashika meza. Alipopata pumzi, akaigeuza simu.

"Osiako ndiye huyu."

Kwenye kioo kulikuwa na bahari. Bandari ya Mombasa, mchana mweupe, na winchi zimesimama ufukweni kama twiga wanaosubiri kuhesabiwa. Katikati ya maji meli kubwa iliyopakiwa makontena ilikuwa ikiingia taratibu, na ubavuni mwake kulikuwa na kiboti kifupi chekundu, kinene, kilichofungwa matairi makuukuu mbele kote. Kiboti kile kilikuwa kimeikita pua yake kwenye ubavu wa meli, moshi unatoka, maji yanachemka nyuma yake, na ile meli, ambayo ingeweza kuimeza mitaa miwili ya Kakamega, ilikuwa inatii.

"Hiyo inaitwa tagi," Awinja akaeleza. "Kazi yake ni kuvuta na kusukuma meli. Meli kubwa haiwezi kujigeuza yenyewe pale ndani, ni kama ng'ombe amesimama kwenye choo. Hizi ndizo zinaisaidia." Kisha akasimulia. Mwezi wa Mei alikuwa akitafuta video ya kukunja marinda, kidole kikateleza, akafungukia bandarini. Kumbe kuna jamaa mmoja huko Mombasa, mpenda meli, ambaye amefunga kamera kwenye paa la nyumba yake, na kamera inaonyesha maji mchana kutwa. Awinja alitaka kuitoa, lakini ile tagi nyekundu ikapita, na mkono ukakataa.

"Sasa kwa nini unaiita Osiako?" Erastus akauliza.

Osiako mwenyewe alikuwa amekwisha kuinama, pua yake karibu na kioo. Aliitazama ile tagi ikiachana na meli, ikijizungusha, ikiondoka kwa mwendo wa mtu aliyeshiba. Aliyatazama yale matairi yaliyokaa safu tatu chini ya pua ya tagi. Akajishika shingo.

"Baba Mitchel," akasema kwa sauti ya chini, "usimuulize. Ni mimi kabisa."

Hasira ya mtu ikikosa pa kwenda, huwa inatafuta kiti. Erastus akaketi kwenye stuli ya wateja. Awinja akawaonyesha wengine. Cheptoo ilikuwa boti nyembamba ya kumpeleka rubani kwenye meli zinazoingia, nayo haikujua kwenda polepole. Meli pana iliyotulia karibu na ng'ambo, yenye bomba refu lililozama majini, ilikuwa ya kunyonya matope chini ya bahari ili meli kubwa zisikwame. Hiyo aliiita Roda, kwa sababu ilikula asubuhi hadi jioni na haikuacha kunguruma. Kulikuwa na kiboti chenye mdomo wazi mbele na mkanda unaozunguka, kazi yake kumeza chupa na mifuko iliyoelea. Hicho kilikuwa mheshimiwa fulani wa kata ambaye Awinja alikataa kumtaja.

"Na mimi?" Erastus akauliza. Alijaribu kuuliza kama mtu asiyejali. "Mimi sipo?"

Awinja akasita. "Upo."

"Wapi?"

Akaonyesha pembeni kabisa ya kioo. Kulikuwa na tishari lililofungwa kwa kamba kwenye gati: jahazi la chuma lenye tumbo bapa, halina injini, halina usukani. Juu yake kulikuwa na kibanda kidogo, turubai la bluu, na winchi iliyoinamisha shingo.

"Linafanya nini?" Erastus akauliza.

"Hilo? Hilo linakaa tu," Awinja akasema kwa upole. "Wakilihitaji, wanakuja kulivuta."

Osiako alikohoa, akakumbuka kwamba ameacha bucha, akatoka.

Erastus hakuyasahau maneno yale. Kesho yake alirudi dukani, akasema amekuja kusaidia kukata uzi. Hakukata uzi wowote. Aliketi kwenye stuli, akalitazama lile tishari kutoka saa tatu hadi saa kumi na moja, akingoja lifanye jambo. Halikufanya. Siku iliyofuata alikuja tena. Siku ya nne, Jumatatu, mafundi wawili walipanda, wakafunua turubai la bluu, wakagonga mpini mwekundu kwa nyundo mara tatu, na nanga ikashuka majini kwa kishindo. Erastus akaruka kutoka kwenye stuli.

"Umeona? Umeona? Anafanya kazi!"

"Nimeona," Awinja akasema, pini zikiwa mdomoni. Mafundi walifanya shughuli zao, wakaipandisha nanga, wakaondoka, na tishari likarudia kukaa.

Kufikia wiki ya tatu stuli zilikuwa tatu, kwa sababu Osiako naye alifungua tawi. Alikuja kila alipomaliza kuuza, akamkaripia yule mwenzake wa baharini akikawia, akampongeza akifanya vyema. "Sogea, sogea kidogo, hapo hapo, kaza!" angesema, na mama aliyeleta mtoto kupimwa sweta angedhani anaambiwa yeye, akasogea. Sweta nyingi zilitoka na mkono mmoja mrefu mwezi ule.

Halafu ikaja Alhamisi.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Awinja alikuwa akipiga pasi, Osiako alikuwa akisinzia. Erastus alikuwa kwenye zamu yake. Aliona kitu ambacho hakukielewa mara moja: kati ya tishari na gati kulikuwa na maji. Asubuhi hayakuwapo. Akasugua kioo kwa mkono wa koti. Maji yakaongezeka.

"Mama Mitchel," akasema, "mimi naondoka."

"Haya, ukifika umfungie ndama."

"Si mimi! Mimi yule!"

Awinja akaja mbio na pasi mkononi. Kweli, kamba ya mbele ilikuwa imekatika na inaning'inia, ile ya nyuma ilikuwa imechomoka kwenye nguzo yake, na tishari lilikuwa linajiendea zake kinyumenyume, bila haraka, likifuata maji yanayokupwa. Gatini hapakuwa na mtu. Na upande wa bahari kuu, kwa mbali, meli ya makontena ilikuwa imechomoza, Cheptoo amekwishatangulia kuipokea, ikija moja kwa moja katika njia ileile.

"Wataona," Osiako akasema, amezinduka. "Bandari nzima ile, lazima wataona."

"Nani ataona? Ni saa ya chakula. Na ule upande umefichwa na ghala," Awinja akasema. "Tunauona sisi tu." Kisha akashika kinywa. "Kuna mtu!"

Mlangoni mwa kile kibanda cha tishari kulionekana miguu miwili. Viatu viliangalia mbinguni. Mlinzi alikuwa amelala fofofo, anasafiri.

Awinja aliandika pale chini ya video ambapo watazamaji huandikiana: TISHARI LIMEKATIKA KAMBA, MTU AMELALA, SAIDIENI. Mtazamaji mmoja asiyejulikana wa nchi gani akamjibu kwa picha ya dole gumba. Mwingine akaweka moyo.

Ni Osiako aliyeona namba. Macho ya mtu aliyesoma mizani miaka ishirini hayakosei. Tishari lilipojigeuza, ubavu wake wa pili ukaonekana, na hapo palikuwa pameandikwa kwa rangi nyeupe namba ya simu, kubwa, kwa ajili ya yeyote mwenye shida ya kukodi. Aliisoma kwa sauti, Awinja akaandika kwa chaki ya kushonea juu ya meza. Namba tisa. Ya kumi ilikuwa imefunikwa na tairi.

"Zote tunazo isipokuwa moja," Erastus akasema. "Basi tutajaribu zote kumi." Akatoa kabambe, simu yake ndogo yenye vitufe. Hapo ndipo ukarani ulipomrudia mwilini. Alianza na sifuri.

Sifuri ilikuwa imezimwa. Moja ilipokelewa na mama mmoja wa Chekalini, ambaye kabla hajaambiwa lolote alisema kuku wamebaki saba na jogoo hauzi. Mbili ilikuwa ya mchungaji. Erastus alipomweleza kwamba kuna mtu anapotea majini huku amelala, mchungaji akasema, "Sote, ndugu yangu, sote," akaanza maombi yaliyopitia kwa Nuhu na hayakuonyesha dalili ya kutua. Osiako alilazimika kusema "Amina" mara nne, kila mara kwa nguvu zaidi, ndipo wakakata. Tatu haikupatikana. Nne alikuwa mtu aliyefoka, "Nimesema nitawapigia mimi!" akakata mwenyewe.

Kwenye kioo tishari lilikuwa limefika katikati ya maji. Ile meli sasa ilikuwa na ukubwa wa nyumba, kisha wa mtaa.

Tano ikaita. Ikaita sana. Halafu sauti nzito ya usingizi ikasema, "Eee, hallo?"

"Unauza kuku?" Erastus akauliza kwa tahadhari.

"Kuku gani? Hapa ni kwa kampuni, nimeachiwa tu simu."

"Uko kwenye tishari?"

"Niko. Wewe nani?"

Wote watatu wakapiga kelele. Lakini kwenye kioo ile miguu ilikuwa bado imetulia. Awinja ndiye aliyekumbuka: picha ya kamera hufika Kakamega ikiwa imechelewa, kama nusu dakika hivi. Mtu waliyekuwa wakiongea naye ndiye yule yule waliyekuwa bado wakimwona amelala.

"Sikiliza," Erastus akasema. "Unaitwa nani?"

"Ochieng. Mimi ndiye mlinzi, na silali kazini, kama ndicho unachotaka kujua."

"Ochieng, toka nje uangalie gati liko wapi."

 Wakasikia mlango ukigonga. Kisha wakasikia sauti ambayo Erastus hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima.

"Mama yooo! Bandari imeondoka!"

"Bandari iko palepale! Ni wewe umeondoka!"

"Nyinyi mko wapi? Mko karibu? Nipungieni mkono!"

"Tuko Kakamega," Erastus akasema.

Wakasikia pumzi za mtu anayejiuliza kama amekwisha kufa na kama huko ndiko wanakopokelewa.

"Mzee," Ochieng akasema, "meli inakuja. Ni kubwa. Hapa sina injini, sina kasia, mimi hata kuogelea ni kidogo, mimi ni mlinzi tu wa geti!"

"Nanga!" Erastus akasema. "Shusha nanga."

"Sijui iko wapi! Mimi nililetwa juzi!"

Sasa duka lilikuwa limejaa. Wauza nyanya, mama wa mitumba, mtoto wa shule aliyevaa sweta yenye pini. Wote walimtazama Erastus, naye akafumba macho. Alilijua tishari lile. Alikuwa amelitazama siku kumi na tisa alipokuwa hana kingine cha kutazama, na sasa alilifungua kichwani ukurasa kwa ukurasa.

"Simama mlangoni kwa kibanda. Geukia upande wa winchi. Kuna turubai la bluu?"

"Liko!"

"Lifunue. Kuna mpini mwekundu chini yake. Kuna nyundo imelazwa kushoto, nyuma ya ndoo."

"Hakuna nyundo!"

"Ndoo ipo?"

"Ndoo ipo."

"Nyuma ya ndoo, Ochieng. Usiangalie mbele ya ndoo."

"Eee! Nimeipata!"

"Upige huo mpini mara tatu. Kutoka chini kwenda juu."

Kwa simu walisikia moja. Mbili. Simu ikaanguka, ikaokotwa. Tatu. Kisha kishindo cha minyororo kilichofanya kabambe ikwaruze. Kwenye kioo, Ochieng wa nusu dakika iliyopita ndiyo kwanza alikuwa akitoka kibandani na kushika kichwa, na duka zima lilimtazama akiogopa jambo ambalo lilikuwa limekwisha kupita. Walimwona akizunguka ndoo. Walimwona akipiga. Waliiona nanga ikizama, mnyororo ukikaza, na tishari likishtuka na kusimama kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba.

Meli ikapiga honi. Hapo bandari yote ikaamka. Na kutoka nyuma ya ghala, moshi mweusi, maji yanachemka, akatokea mwekundu.

"Osiako!" Awinja akapiga kelele. "Osiako anakuja!"

"Niko hapa," Osiako akasema, machozi yakimtiririka kwenye mikunjo. "Kaza, ndugu yangu. Kaza!"

Tagi ilikita matairi yake kwenye ubavu wa tishari, ikalisukuma pembeni hadi maji matulivu. Meli ya makontena ikapita, juu kama jengo, na kati yake na tishari palibaki nafasi ya shamba la miwa la mtu maskini. Kwenye simu Ochieng alikuwa akilia na kumshukuru Mungu, na Kakamega, na ndoo.

"Ni nani hasa wewe, mzee?" akauliza.

Erastus akaangalia kioo, pembeni, pale tishari lilipokuwa. "Mimi ndiye hilo ulilokalia," akasema, na hakuona haja ya kueleza zaidi.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, mtu mrefu mwenye begi alisimama mlangoni mwa duka na mfuko wa korosho.

"Nauliza Mama Kakamega," akasema. "Naitwa Ochieng. Nimepewa likizo, ninaelekea nyumbani Siaya, lakini nimezunguka kwanza nipite hapa."

Awinja alimkumbatia. Osiako aliitwa kutoka buchani, akaja na maini. Walimkalisha kwenye stuli iliyo bora, wakamnywesha chai, na Awinja akamuuliza mambo ambayo kioo hakikuweza kumwambia: kule kunanukaje? Ochieng akafikiri, akasema kunanuka dizeli na vitunguu vya kukaanga, maana mabaharia wa tagi hupika muda wote. Na sauti ya ile meli ya matope? Usiku inakoroma, akasema, mpaka unataka kuigeuza ilalie ubavu. Awinja akampigia Roda simu papo hapo kumwambia, na Roda akakata.

Chai ilipoisha Ochieng akaweka kikombe chini, akakohoa. "Nimekuja kushukuru. Lakini pia nimetumwa na wenzangu. Tuna malalamiko."

"Malalamiko?" Erastus akasema.

"Tangu siku ile hatuna raha. Kapteni wa tagi akiona mtu anajikuna anamwambia, 'Mama Kakamega anakuona.' Msimamizi akikuta mtu ameegemea nguzo, anaonyesha kamera kwa kidole. Mpishi alikuwa akitupa maganda majini, sasa anayaficha mfukoni. Mimi mwenyewe siwezi hata kwenda upande wa pili wa kibanda kwa haja ndogo bila kuwapungia mkono kwanza." Akawatazama mmoja mmoja. "Tunaomba saa moja tu. Saa saba hadi saa nane. Mtu ale, anyooshe miguu, awe peke yake na Mungu wake. Nyinyi mfunike simu."

Waliona ni haki. Erastus, kwa kuwa alikuwa karani, akaandika makubaliano kwenye ukurasa wa daftari la vipimo, wakatia sahihi wote wanne, na Ochieng akaondoka na maini kuelekea Siaya.

Alirudi kazini Jumatatu. Siku hiyo, saa saba kamili, Awinja akaifunika simu kwa sketi ya darasa la nne. Wakaketi watatu wakiitazama sketi. Chini ya kitambaa walisikia mawimbi, honi moja, kitu kikigongana na kitu. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Osiako akatafuna korosho moja kwa muda mrefu. Awinja akatoka kwenda kumrudishia mteja chenji, na alipogeuka mlangoni, Erastus alikuwa ameinama kidogo upande wa meza, akiinyoosha sketi iliyokuwa imenyooka.

Saa nane kasorobo kabambe ikalia.

"Baba Mitchel," Ochieng akasema, "nimepiga kuwasalimu tu. Mmefunika?"

"Tumefunika," Erastus akasema kwa uzito. "Makubaliano ni makubaliano."

"Hamchungulii?"

"Hata kidogo."

"Asante sana, mzee wangu. Ni vile tu leo saa saba nimepewa shati jipya na kampuni, nikasema ni bahati mbaya hamwezi kuliona."

"Usijali," Erastus akasema. "Kijani kinakupendeza."